Safari ya Desemba: Picha ambazo familia huja kuzitafuta

Msiba unapotokea, kabla hata turubai halijafungwa uwanjani, kuna swali huanza kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: nani ana picha nzuri ya bibi?

Simu zinapekuliwa. Binamu wa Arusha anayo ya harusi ya mwaka juzi, lakini bibi amekaa pembeni na nusu ya uso imezibwa na kofia ya mtu. Mjomba ana video ya Krismasi ambamo bibi anapita kwa nyuma, mara moja tu, akiwa na sufuria mkononi. Mwishowe kijana mmoja anatumwa stationery na kitambulisho cha taifa cha marehemu. Ile picha ya ukubwa wa kidole gumba inavutwa na kuvutwa mpaka uso unakuwa kama ukungu, na hiyo ndiyo inayowekwa juu ya jeneza na kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha ibada.

Na wakati huo simu za wajukuu zimejaa. Kuna sahani za chipsi, kuna miguu ndani ya viatu vipya, kuna mlima Kilimanjaro uliofunikwa mawingu, picha kumi na nne zinazofanana. Bibi hayumo.

Msimu wa kwenda kijijini unapofika, familia nyingi hupanga nauli, zawadi, sukari na nguo za watoto. Picha hazipangwi, kwa sababu kila mtu ana simu na inaonekana zitajipiga zenyewe. Kwa kweli hujipiga zenyewe, ndiyo maana zinakuwa nyingi na haba kwa wakati mmoja.

Njiani, kabla ya kufika

Chukua safari ambayo maelfu ya familia za Dar es Salaam hufanya kila Desemba: basi la alfajiri kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kwenda Moshi. Watoto hugombania dirisha, na mzazi mwenye busara huamua mapema ni dirisha la upande gani. Ukielekea Moshi, milima ya Usambara na baadaye ya Upare hukaa mkono wa kulia. Asubuhi jua nalo liko upande huohuo wa kulia, linakupiga usoni, na picha ya wakati huo hutoka nyeupe na hafifu. Lakini basi lililoondoka alfajiri hufika Mombo na Same jua likiwa limevuka utosi au linakaribia kuvuka, na mwanga huanza kuangukia miteremko ya milima unayoitazama. Hapo makorongo huonekana, na miamba, na nyumba za mabati zinazong'aa juu kabisa, mahali ambapo mtoto atauliza watu walifikaje.

Kupiga picha ukiwa ndani ya basi kuna siri mbili ambazo hazigharimu kitu. Ya kwanza ni kufuta kioo, halafu kufuta jicho la kamera ya simu, ambalo kwa kawaida lina mafuta ya vidole na vumbi la mfukoni. Picha nyingi zinazosemwa ni za simu mbovu ni za simu chafu. Ya pili ni kusogeza simu mpaka ikaribie kugusa kioo, ili taa za ndani na fulana nyeupe ya mtoto visijitokeze katikati ya mashamba ya mkonge ya Korogwe. Usiitegemeze kwenye kioo, maana kioo hutetemeka na basi. Vitu vilivyo karibu na barabara vitatoka vimefutika hata ufanyeje, kwa hiyo lenga mbali.

Kuhusu Kilimanjaro lenyewe, wageni hukata tamaa bure. Mlima wa mita 5,895 huwa na tabia ya kujifunika mchana. Wanaouona vizuri ni wale wanaotoka nje kabla jua halijapanda, na mara nyingine jioni mawingu yanapokatika. Hakuna haja ya kusimama kando ya barabara kuu saa nane mchana na kupiga picha wingu. Amsha watoto kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, wakiwa na blanketi mabegani, wapige hapo hapo uani kwa babu. Picha ya mtoto mwenye usingizi na mlima nyuma ya migomba hushinda kadi ya posta.

Ushauri huu unafaa pia kwa wanaotoka Nairobi kwenda magharibi. Pale juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, magari yanaposimama watu watazame Longonot, mwanga wa asubuhi au wa jioni huonyesha kina cha bonde, na wa adhuhuri hulifanya kuwa bapa kama meza.

Kuna sehemu za kuacha simu mfukoni. Kambi za jeshi, vizuizi vya polisi, na mahali popote penye kibao cha kukataza si pa kujaribia bahati, hata kama ni mtoto anayepiga. Na yule kijana wa Kimasai anayepita na ng'ombe karibu na Same si sehemu ya mandhari. Ni mtu yuko kazini. Anayetaka picha yake amsalimie kwanza, aombe, na akikataliwa ashukuru.

Bibi atataka kubadilisha kanga

Hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Mjukuu anaingia jikoni, anamkuta bibi amechuchumaa mbele ya mafiga, moshi umetanda, uso umeangaziwa na moto upande mmoja. Ananyanyua simu. Bibi anaweka mkono usoni: subiri kwanza, nikavae.

Vijana huona huko ni kuharibu picha. Wanataka ya jikoni, yenye moshi, kwa kuwa ndiyo ya kweli. Lakini ni ya kweli kwa nani? Bibi huyu alipigwa picha mara chache sana maishani, na kila mara ilikuwa tukio. Kwa kizazi chake mtu alioga, akavaa nguo ya kanisani au ya Idi, akatembea mpaka mjini kwa mpiga picha, akasimama mbele ya pazia lililochorwa, mikono imenyooka, bila kucheka. Huko Zanzibar, Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilipiga masultani na viongozi, na pia watu wa kawaida waliotaka kuonekana katika hali yao bora. Hivyo ndivyo picha ilivyoeleweka: kumbukumbu ya heshima yako, unayoiandaa mwenyewe.

Basi bibi apewe nafasi akavae. Achague kitenge, afunge kilemba, atafute vile viatu vya harusi ya shangazi. Kama anataka kusimama wima bila kutabasamu, asimame hivyo. Wajukuu wasimlazimishe kucheka kama mtangazaji wa dawa ya meno. Ukimaliza hiyo yake, mwonyeshe kwenye simu. Atacheka mwenyewe alivyoonekana, na hapo ndipo uombe ruhusa ya ile ya jikoni. Mara nyingi atakubali, kwa kuwa sasa anajua ipo nyingine ambayo ndiyo itakayotundikwa ukutani.

Kosa kubwa linalozifanya picha za wazee zishindwe ni mwanga. Mzee anawekwa mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, au anasimama mlangoni huku nje kunang'aa nyuma yake. Simu inaona weupe mwingi, inajipunguzia mwanga, na uso mweusi unazama. Kisha mtu anawasha flashi, na paji la uso linatoka limepakwa mafuta. Dawa yake ni rahisi. Mweke akae ndani ya mlango au chini ya baraza, auelekee mwanga wa nje, wewe usimame karibu na mlango ukitazama ndani. Mwanga utamwangukia usoni bila kumkunjisha macho. Nyuma yake kuwe na giza la sebule, au kijani kibichi cha migomba kama mko nje kivulini. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, si angani. Halafu sogea. Usivute kwa vidole, maana kwa simu nyingi kuvuta ni kukata picha na kuipanua, na ubora unakwenda na upepo. Miguu yako ndiyo ya kukupeleka karibu.

Akishakaa, usipige moja. Piga anaponyamaza, anaposimulia, anapomwita mtoto. Piga mikono yake peke yake. Na kabla hujaondoka, rekodi sauti: aeleze jina lake kamili, alizaliwa wapi, nani alikuwa mama yake, na asalimie kwa lugha yake. Dakika tatu zinatosha. Kuna familia zenye picha za kutosha za mzee wao ambazo zingetoa chochote kumsikia tena akisema jina la mtu.

Babu huwa mgumu zaidi. Wengi hawapendi kuambiwa kaa hivi, geuka hivi. Mwombe akuonyeshe kitu: mpaka wa kihamba uliopandwa masale, mti alioupanda mwana wa kwanza alipozaliwa, kaburi la baba yake. Akiwa anaeleza, anasahau kamera. Kaburi litakuwa na mengi ya kusimuliwa, na itafaa mtoto aipige pia ile maandishi ya juu yake. Saruji hupasuka na rangi huoga mvua.

Zile za ukutani

Sebuleni kuna fremu. Ndani yake, picha nane au kumi zimebanwa pamoja, nyingine zimepinda, nyingine zimeanza kugeuka njano. Kila mtoto wa nyumba hiyo amepita mbele yake maelfu ya mara. Ni bibi peke yake anayejua wote ni nani.

Kati ya kazi zote za kamera kijijini, hii ndiyo yenye haraka. Teremsha fremu, itoe nje kivulini, ilaze juu ya meza. Zile zinazotoka kwa urahisi zitoe, zipige moja moja, simu ikiwa sambamba na meza na flashi imezimwa. Iliyoganda kwenye kioo isivutwe kamwe, kwa sababu itaacha uso wa mtu kwenye kioo. Ipige hivyohivyo, mtu mmoja akishika kanga nyeusi au koti jeusi nyuma ya mpigaji ili mng'ao wa kioo ufe.

Kisha mwite bibi. Huyu ni nani? Na huyu aliyekatwa? Andika nyuma ya picha kwa penseli, taratibu, jina na mahali. Kalamu ya wino huchomoza mbele na baada ya miaka hupita upande wa pili. Usishangae kama atanyamaza kwenye mojawapo. Kila ukoo una mtu ambaye picha yake ilibaki ukutani na jina lake likaacha kutajwa. Pengine mwaka huu atasema, pengine hatasema. Kazi ya mwenye kamera ni kutokuwa na haraka.

Nani anampiga mpiga picha?

Pekua albamu ya safari yoyote ya familia na utaona kuna mtu anayekosekana. Kwa nyumba nyingi ni mama. Yeye ndiye aliyewapanga watoto kwa urefu, akasema sogeeni, akarudi hatua mbili, akapiga. Watoto wakikua watadhani safari zile walikwenda na baba tu. Kwa nyumba nyingine ni baba, na siku hizi mara nyingi ni yule binti wa kidato cha pili ambaye simu yake ndiyo yenye kamera nzuri.

Tiba si kujipiga selfi ya mkono mrefu, ambayo humfanya kila mtu aonekane na pua kubwa. Ni kupokezana. Asubuhi hii simu iko kwa mama, jioni iko kwa mtoto wa miaka tisa.

Na mtoto apewe kweli, asipewe kwa masharti ya kunyang'anywa baada ya picha mbili. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza kupiga picha akiwa bado mvulana wa shule, kwa kamera duni ya Box Brownie. Ni huyo ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizopigwa Korem mwaka 1984, ziliamsha dunia ikafungua mifuko. Hakuna anayedai kila mtoto atafika huko. Lakini mtoto huona vilivyo chini ya macho ya watu wazima: kuku chini ya kitanda, viatu vya wageni mlangoni, tumbo la mjomba aliyelala baada ya mtori. Picha zake hupinda, na ndizo zinazochekesha miaka kumi baadaye.

Wazazi waliokua enzi za filamu wanakumbuka kwamba roli moja ilikuwa na picha 24 au 36, basi, na kila mbonyezo ulikuwa fedha. Mchezo mzuri ni kumpa mtoto hesabu hiyohiyo: picha 36 kwa safari nzima, na akimaliza amemaliza. Siku ya kwanza atamaliza kumi kwa mbuzi. Siku ya tatu atakuwa anasubiri, anazunguka, anaangalia mwanga uko wapi, bila mtu kumfundisha.

Kabla ya kuituma hewani

Mama mdogo atataka zote usiku huohuo. Hapo kuna mambo matatu ambayo familia husahau.

Kwanza, picha ya familia nzima ikiwa Moshi, ikiwekwa hadharani tarehe 24, ni tangazo kwamba nyumba ya Tabata haina mtu. Marafiki wataipenda vilevile Januari.

Pili, mtoto anayeoga kwenye beseni uani ni picha tamu ya kubaki kwenye simu ya mama. Haina sababu ya kwenda kwa watu mia tatu. Watoto wa jirani waliojumuika kwenye picha nao wana wazazi, na wazazi hao waulizwe. Sheria zimeanza kulitazama jambo hili kwa ukali. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya Sh4 milioni za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zaidi ya sheria kuna mtoto mwenyewe, ambaye akifika miaka kumi na mitatu ataanza kusoma kila ulichowahi kumwekea mtandaoni. Pia, simu nyingi huambatanisha mahali picha ilipopigwa. Mpangilio huo unazimwa kwenye kamera kwa sekunde chache.

Tatu, WhatsApp hukamua picha ili ipite haraka. Ile inayofika kwa mjomba si ile uliyopiga. Anayetaka ya kuchapishwa atumiwe kama hati, au apewe moja kwa moja kwenye memori kadi. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, ambayo hugawanywa pia na barua pepe, kwa hiyo video za disko la Krismasi huimaliza mapema na picha ya babu ikabaki nje. Anza kuhifadhi zile zisizorudiwa. Na ifanyike kabla ya safari ya kurudi, maana msongamano wa stendi mwanzoni mwa Januari ndipo simu nyingi hubadilisha wenyewe.

Siku ya mwisho

Mizigo imefungwa. Ndizi zimejazwa kwenye viroba hadi basi litalalamika. Watoto wanasalimiwa upya kila mmoja kana kwamba ndiyo wamefika, shikamoo zinapishana na machozi.

Kabla ya hapo, siku moja au mbili nyuma, mtu mmoja awe ameshuka Moshi mjini na memori kadi. Picha kumi tu, za karatasi: bibi na kilemba chake, babu kwenye masale, wote barazani mama akiwemo. Kila mwaka wazee huahidiwa kwamba zitatumwa, na kila mwaka hubaki kwenye simu za mjini, ambazo wao hawana.

Apewe mkononi, pale pale getini. Atazitazama moja moja akiwa amezisogeza mbali na macho, atauliza hii ni ya lini, kisha ataingia ndani kuzitafutia mahali. Mara nyingi ni katikati ya Biblia.